Kindi ni wa Nani?

Hekaya hii niliisimulia kwanza ugenini, Moroni, kwa madaha makubwa, nikamrusha Kindi kutoka jabalini bila mwavuli. Mwenyeji wangu akaniuliza, "Sasa si amekufa huyo?" Basi leo namfunga mwavuli wa jani la mgomba kabla sijaendelea.

Kindi aliruka, upepo ukamsukuma, akaangukia kichuguu cha Bibi Mchwa na kukibomoa. Mvua ilikuwa karibu, na mayai ya Bibi yakabaki wazi. Akamwendea Tausi, mwenyekiti wa Chama cha Warukaji.

"Mrukaji wenu kanibomolea nyumba. Nijengeeni."

"Wetu?" Tausi akakunjua mkia. "Chama chetu ni cha wenye mbawa, bibi. Huyo Kindi hatumjui."

Kesho yake yakawa mashindano ya kutua ndani ya duara. Korongo alipitiliza hadi kinamasini. Bundi alisinzia angani. Kindi, safari hii akiusikiliza upepo, akatua katikati kabisa, mbele ya Simba, mgeni rasmi.

"Bingwa huyu ni wa nani?" Simba akanguruma.

Tausi alifika mbio, mkia wazi, akamkumbatia Kindi. "Wetu, mheshimiwa! Mwanachama wetu tangu zamani. Akiruka yeye, kimeruka chama kizima!"

Wanyama wakashangilia, Kindi akavimba kifua. Bibi Mchwa akapenya katikati ya miguu yao hadi mbele.

"Hongera, mwenyekiti, na Simba kasikia," akasema. "Sasa shusha huo mkia, ukakande udongo."