Picha Iliyokataa Kutoka

Mpiga picha Ambakisye alibonyeza tena kitufe cha kutoa picha, na kompyuta ikajibu vilevile: faili halisi haipo. Kwenye skrini, marehemu mama wa mteja wake Tusekile alikuwa akicheka harusini.

"Si huyo hapo, kaka?" Tusekile aliuliza. "Mtoe tu. Tunazika keshokutwa, na picha ndiyo itakayotangulia jeneza."

"Hii ni nakala ndogo ya kutazamia, dada. Nikiikuza, uso unapotea. Picha zenyewe nilizifuta nipate nafasi ya harusi nyingine. Nilidhani nikishazirekebisha, zinabaki humu ndani ya programu."

"Mama alikuwa akikimbia kamera maisha yake yote. Wewe ndiye uliyemchekesha."

"Kesho nitatafuta kwenye diski ya zamani."

Ambakisye alinyoosha mkono azime kompyuta, akaona Tusekile amesogeza kiti mbele ya skrini. Akaurudisha mkono mapajani.