Mgeni Mwenye Adabu Kundini kwa Kororo

Hii ni ya msituni, na walioiona bado wanaicheka.

Kororo ni ndege wa kupekuapekua majani makavu chini ya miti, na kima wakila juu, wao husubiri makombo. Siku moja Nguchiro, mnyama mwenye uchu wa nyama ya ndege, alijipaka ulimbo, akajibandika manyoya meusi yenye madoadoa na kishungi kichwani, akajipenyeza kundini. Bi Mashungi, mlinzi wa kundi, alimzunguka mara mbili asione kasoro.

“Wa wapi wewe, mwanangu?”

“Wa hapa hapa, shangazi. Nilipotea nikiwa kifaranga.”

“Jamani, karudi!” kundi zima likashangilia.

Mara Kima akadondosha kuyu bivu. Kororo wote wakalivamia, wakipigana vikumbo. Mgeni akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

“Tangulieni nyie, dada zangu. Mimi nitakula baadaye.”

Bi Mashungi akalitema kuyu lililokuwa tayari mdomoni mwake. “Rukeni! Huyu si kororo!”

Wakaruka wote. Nguchiro akaambulia unyoya mmoja.

Juu mtini, binti wa Bi Mashungi akanuna. “Lakini mama, alikuwa na adabu kweli!”

“Ndiyo, mwanangu. Sasa niambie, kwetu hiyo adabu angejifunza kwa nani?”