Barua za Msomaji wa Lyon

Dorotea alikuwa amebakiza barua tatu tu za kuchoma aliposikia gari likisimama nje. Akazitumbukiza zote kwenye jiko la mkaa, akapepea.

Kwa miaka saba alimtunza Mzee Odilon, Mfaransa aliyetunga riwaya za watu wa karne zijazo wanaoishi chini ya maji. Alikuja Mwanza kufundisha ufundi wa meli, akabaki. Kwao vitabu vyake vikasahaulika. Huku, macho yake yakafa. Lakini upofu sio uliokuwa ukimkondesha.

"Hakuna anayenikumbuka, mwanangu," alisema, sahani ikapoa mbele yake.

Basi Dorotea akamzulia msomaji, mama mmoja wa Lyon. Kwa Kifaransa alichofundishwa na mzee mwenyewe, kila juma aliandika barua, akabandika stempu alizobandua kwenye bahasha zilizotoka Ulaya kuja kiwanda kipya cha minofu ya samaki, maana mzee hakukosa kuipapasa stempu. Kisha alimsomea mzee. Mama wa Lyon alisimulia harusi, misiba na masoko ya huko chini ya maji. Mzee akaanza kula.

"Mama huyu anaijua sana harufu ya dagaa walioanikwa," alisema siku moja, akacheka peke yake.

Nusu ya barua mzee alimpa padri amtunzie. Zilizobaki zilikaa sandukuni.

Wiki mbili baada ya maziko, ikaja barua ya kweli kutoka kwa wachapishaji wa mzee huko Paris: *Tunajua ni nani aliyeandika barua zile alizotutumia padri. Nakuja mwenyewe kuchukua zilizobaki.*

Kumdanganya kipofu mpaka kaburini! Angeuweka wapi uso wake?

"Hodi! Doro!" Jirani yake, Wilhelmina, aliita mlangoni. "Mgeni wako huyu. Mimi Kifaransa changu kimeishia kwenye bonjuu, njoo umpokee mwenyewe!"

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo. Hakuketi. Aliuliza barua ziko wapi.

"Nimezichoma," Dorotea alisema, macho chini. "Nisamehe, mama. Alikuwa amegoma kula. Amekufa bila kujua."

Mgeni alinusa moshi, akakimbilia uani. Aliporudi, vidole vyake vilikuwa vyeusi, na kati yake kipande cha karatasi kisichozidi stempu.

Alikiweka kipande hicho kwenye kiganja cha Dorotea. Kisha akatoa mkobani kitabu kipya, kinachonukia wino bado, akakiweka mezani taratibu.

Jaladani, juu ya maneno "Sehemu ya Kwanza", palikuwa na jina la mtunzi: Dorotea Kashindye.