Maongezi ya Barazani

Malimi aliichomeka simu chini ya mto wa kiti barazani, akabonyeza kurekodi, akaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba apasue.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Walikuwa wamefika jana yake kwenye nyumba ya mbao, juu kwenye mteremko wa mlima Rungwe, mahali ambapo hata mtandao haushiki. Walikuja wanne kutoka Mbeya: Malimi na mkewe Alinanuswe, pamoja na marafiki zao wa miaka mingi, Fred na mkewe Mercy. Walikuja kupumzika, lakini Malimi hakupumzika.

Tangu garini, Alinanuswe na Fred walikuwa wakiongea Kinyakyusa. Wote ni watu wa Tukuyu, na zamani waliishia kutaniana neno moja moja tu. Safari hii ilikuwa mwanzo mwisho, tena kwa sauti ya chini. Malimi, Msukuma aliyekulia Usangu, alichojua ni "ndaga", yaani asante, peke yake.

"Mnaongea nini?" aliwauliza wakati wa chai.

"Mambo ya nyumbani tu," mkewe alijibu bila kumtazama.

Mercy, mzaliwa wa Ipogolo, mbali na Tukuyu, naye hakuelewa, ila hakuonekana kujali. Alimtilia Malimi vijiko vyake vitatu vya sukari, akamkorogea. "Shemeji, waache. Wamekumbuka kwao."

Baada ya chai, Malimi alichungulia barazani kupitia dirishani. Alinanuswe alikuwa analia, na Fred anampa leso huku amemshika mkono. Malimi hakukumbuka mara ya mwisho mkewe kulia mbele yake. Machozi yale aliyaona kama mali yake aliyopewa mwingine. Hapo ndipo alipopata wazo la simu, akaitega walipoinuka kurudisha vikombe.

Sasa kila gogo alilolipasua lilikuwa na sura ya Fred. Mercy alimfuata huko nyuma ya nyumba.

"Malimi, tulia. Utatuharibia."

"Rafiki gani anamshika mkono mke wa mtu?"

Mercy alirudi ndani.

Barazani palipobaki bila mtu, Malimi aliichukua simu na kushuka nayo jikoni. Mama Tupokigwe, mwenyeji wa hapo anayewapikia wageni, alikuwa anamenya ndizi.

"Mama, hebu nisikilizie hapa. Wanasemaje?"

Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akaiweka simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akamrudishia.

"Baba, mimi ni mpishi tu. Haya hayanihusu."

"Wanapendana, si ndiyo?"

"Hapana."

"Usinifiche, mama. Yule ni mke wangu, nina haki ya kujua!"

Mama Tupokigwe alishika tena kisu chake.

"Haya. Yule kaka anasema juzi alishika simu ya mkewe, akakuta meseji zako zote." Alichukua ndizi nyingine. "Na mke wako anamjibu, 'Mimi nilijua tangu Pasaka. Nilikuwa nakusubiri na wewe ujue, nisilie peke yangu.'"