Mgeni wa Jioni

Tangu serikali iamuru kila nyumba ipokee mgeni asiyejulikana kila jioni, ati watu wazoee kuzungumza, Mashavu amechoka roho. Mumewe Shomari, ambaye humjibu yeye "mm" tu, akimwona mgeni hufunguka kama redio iliyotiwa betri mpya.

"Na mimi je?" Mashavu alifoka jana.

"Wewe si nakujua?"

Leo mgeni alichelewa. Mashavu, hasira zimempanda, akavaa baibui, akatoka nje, akabisha mlango wake mwenyewe. "Hodi!"

"Karibu, mgeni, karibu!" Shomari akamvutia kiti. Wakazungumza, wakacheka mpaka chai ikapoa. Mashavu alikuwa karibu kumsamehe, Shomari alipomwinamia kwa upole akauliza:

"Na mumeo, hajambo?"