Fulana Arobaini za Matanga

Kadi ya mfiwa ilikataliwa mara mbili asubuhi ile. Mara zote mbili Huguette aliona taarifa ikitokea kwenye kompyuta yake, akatulia tu kama mtu anayengoja maharage yaive.

"Hana pesa huyo," alisema Rhoda, Mtanzania aliyepanga nusu ya pili ya chumba kile cha mtaa wa Point, Durban, na kuuza kava za simu. "Mwachie alipe baada ya matanga."

"Hapana. Alipe ku site."

Oda yenyewe ilikuwa ya fulana arobaini, picha ya marehemu kifuani, na chini yake maneno: Lala salama, mke wangu. Mteja aliitwa Ruphin, Mkongo aliyehamia Chatsworth, hapahapa Durban, mwezi wa tatu kutoka Cape Town. Mkewe, aliandika, alifia kwao Uvira na kuzikwa hukohuko. Yeye na watu wa kanisa lake jipya wangemlilia Jumamosi. Na matanga ya Wakongo siku hizi bila fulana yenye sura ya marehemu ni matanga gani? Hata michango haikolei.

Lakini Huguette alishaumwa na nyoka huyo. Mwaka jana alichapa kwa mkopo. Watu walilia, wakala, wakasahau. Fulana themanini hazikufuatwa, na nani atanunua sura ya babu wa mwenzake? Mpaka leo Rhoda anadekia sura ya mzee mmoja wa Kalemie. Kodi ilimshinda Huguette, akalala mwezi mzima kwenye sakafu ya kanisa.

Aliponyanyuka pale aliapa kwamba hatalala chini tena kwa ajili ya mtu yeyote. Akafungua tovuti, akaiita Point Print bila kutaja jina lake, maana wapo wateja wanaokimbia wakiona jina la mgeni. Akaunganisha malipo ya kadi, na juu kabisa akaandika: Kukopa harusi, kulipa matanga. Chini akaweka kijisanduku cha tiki: Nathibitisha kwamba picha na maneno ni sahihi. Pesa hairudi. Asiyeweka tiki haendi mbele.

Ruphin alikuwa ameweka tiki.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na Huguette akaufungua ili Rhoda naye asikie.

"Patron, pardon," mwanamume alilia. "Tuko mu deuil, mu kilio. Bibi yangu alikuwa malaika. Batu batatoa michango samedi, kisha ntakulipa yote, cash."

Rhoda akafuta macho. Huguette akaurudia ujumbe ule mara ya pili, akaurudia mara ya tatu, kisha akajibu kwa maandishi kama alivyojibu jumbe zake zote: Four thousand eight hundred rand, yote, kwa kadi. Leo.

"Dada, una roho ya jiwe! Mfiwa huyo!"

"Mfiwa iko na kadi."

"Marehemu mwenyewe alikuwa mtu mzima?"

"Kijana. Muzuri."

"Masikini! Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hajasema," alisema Huguette. "Hata mimi nataka kujua."

Mwingine angeona aibu. Huguette aliiacha aibu kwenye basi lililomleta Durban kutoka Cape Town miaka miwili iliyopita na mkoba mmoja, na hakurudi kuichukua.

Saa kumi alasiri Ruphin alijaribu kadi nyingine. Benki ikamtumia namba za kuthibitisha, akaziingiza, na kompyuta ya Huguette ikaandika: Malipo yamepokelewa. Hiyo ilikuwa Jumatano. Rhoda alidhani kazi itaanza palepale. Wapi! Huguette alingoja hadi Ijumaa, pesa zilipoingia benki kweli, ndipo akajifungia upande wake na kuvaa barakoa kwa ajili ya harufu ya wino.

Alichapa peke yake. Picha ilikuwa safi: mwanamke mwenye nywele ndefu za kusuka, anacheka mpaka mwanya wa mbele unaonekana wote. Kila fulana iliyotoka aliikunja sura ikae ndani. Rhoda alipobisha kutaka kusaidia, aliambiwa akauze kava.

Kwa kawaida mizigo hupelekwa na dereva. Jumamosi Huguette alijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akavaa barakoa yake, akabeba maboksi.

"Unapeleka mwenyewe?" Rhoda alishangaa. "Si kashalipa?"

"Kalipa. Nataka nimuone akiivaa."

Akapanda taxi ya Chatsworth, maboksi mapajani.

Uani palikuwa na hema, wimbo, na karai la michango lililojaa noti. Ruphin alikaa nyuma ya karai, kichwa chini. Maman Colette, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akayapokea maboksi, akamwombea baraka aliyeyaleta, akaanza kugawa. Ya kwanza alimvalisha mfiwa. Wengine wakazivaa juu ya nguo zao, na muda si mrefu mwanya ule ulikuwa kila upande wa ua, ukicheka juu ya vilio.

"Nataka kumpa mfiwa mkono," alisema Huguette.

Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Ruphin, akafungua kitambaa, akavua barakoa.

"Pole na msiba, chéri," alisema. "Pesa hairudi."

Ruphin akainua uso. Wimbo ukakatika. Huguette akacheka, mwanya wote nje, na zile sura arobaini zikawa arobaini na moja.