Jina la Mama Hewani

Nyamizi alifaulu mtihani wa leseni ya redio ya mawasiliano, na aliyemfundisha ni mama yake, aliyekuwa akizungumza na dunia kutoka jikoni kwao Tabora tangu ujana wake. Karani wa leseni akampa jina lake la hewani, la kujitambulishia anapoita wenzake. Alipolisoma, damu ilimchemka.

"Hili ni la mama. Na mama yu hai."

"Majina yamekwisha, dada," karani alisema, kama anayekuambia maandazi yamekwisha. "Mtoto akifaulu, mzazi ananyamaza."

"Mnamziba mdomo kwa sababu kanifundisha?"

"Usipolichukua, atapewa mtu baki."

Alilichukua, amefura kwa hasira, na nyumbani akashindwa kumwambia mama. Asubuhi alimsikia mama akiwasha redio jikoni, akilitaja jina lile, akisalimu, akingoja ajibiwe. Redio za marafiki wote wa mama zilikuwa zimekwisha kuamriwa zisimpokee. Mama akagongagonga spika, akakaza waya wa antena, akaanza upya.

Chumbani, redio mpya ya Nyamizi iliwaka taa nyekundu, ikamuuliza kwa adabu: "Kuna mtu anatumia jina lako. Je, unamfahamu?"